Kirukanjia na Umri wa Milima ya Usambara
(Hotuba kwa walimu, wanafunzi na wakazi wa Tanga mjini)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, walimu wenzangu, nanyi vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie wanyamapori, na najua neno hilo likitajwa tu, akili ya mtu inapanda basi kwenda Serengeti. Hata sisi wenye Saadani hapa jirani, mahali ambapo nyati anaweza kuiona bahari, tukisema mnyamapori tunamaanisha simba na tembo. Hao leo nimewaacha. Nataka tukae na mnyama ambaye wengi wenu mmemwona akiwa maiti tu, mdogo kuliko kidole gumba cha baba mwenye shamba: kirukanjia.

Hoja yangu ni moja na mengine yote yataizunguka. Ukitaka kujua milima yetu ya Usambara ina umri gani na imepitia mambo gani, usimuulize tembo. Tembo anatembea, leo yuko huku, mwakani yuko Mkomazi. Muulize yule asiyeweza kuvuka bonde.

Kirukanjia mnamjua. Pua ndefu isiyotulia, macho madogo, manyoya laini ya kijivu au kahawia, na harufu yake si ya kusimuliwa mezani. Asubuhi unakwenda shambani unamkuta katikati ya njia, hana jeraha la kuonekana, amekufa. Wazee wetu walisema mnyama huyu hawezi kuvuka njia, akithubutu anakufa papo hapo. Mimi maneno hayo siyacheki, kwa sababu walichokiona ni kweli: maiti ziko njiani. Tofauti yetu ni kwenye sababu. Ubavuni ana tezi zinazotoa ile harufu. Paka humkamata gizani, humng'ata, akionja humtema na kwenda zake. Aliyetemwa vichakani nani atamwona? Aliyetemwa njiani ndiye mnayemkuta. Bundi kwa upande wake hajali harufu, humeza mzima mzima, na wataalamu hupata mafuvu ya virukanjia kwenye matapishi ya bundi.

Wala si panya, ingawa tunawachanganya kila siku. Mfungueni mdomo mwone. Panya ana meno marefu ya mbele ya kuguguna, kisha pengo, kisha magego. Kirukanjia ana safu ya meno yaliyochongoka, ya kuvunjia gamba la mende na la jongoo. Ukoo wake uko na kalunguyeye. Mwili wake ni mdogo kiasi kwamba joto linamtoka upesi, kwa hiyo inambidi ale usiku na mchana. Akikosa chakula kwa saa kadhaa, amekwisha. Naomba mlishike hilo, kwa sababu tutalihitaji tukifika kwenye mabonde. Kiumbe anayehitaji kula kila baada ya muda mfupi, anayeishi ndani ya majani yenye unyevunyevu, hawezi kufunga safari ya kilomita ishirini kwenye nyika kavu.

Sasa nije kwa mtu aliyeyafanya maisha ya mnyama huyu kuwa kazi yake. William Stanley, Bill kwa waliomzoea, alikuwa msimamizi wa makusanyo ya mamalia katika Makumbusho ya Field, mjini Chicago, Marekani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi alipofariki Oktoba 2015, akiwa kazini Ethiopia, alikuwa akirudi Tanzania mlima kwa mlima, akishirikiana na Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Watanzania wengine. Ambangulu kule Usambara Magharibi, Chome kule Pare Kusini, Uluguru, Udzungwa, Kilimanjaro. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Watafiti wa namna hiyo tumewaona wengi: siku mbili, picha tatu, ripoti nene. Mlima hauwajibu. Stanley alirudi na kurudi, na akirudi anafanya kazi ileile kwa namna ileile, jambo ambalo linachosha kulisikia lakini ndilo lililoleta majibu.

Kazi yenyewe niieleze, maana vijana wengi wanadhani sayansi ni koti jeupe.

Mnaingia msituni na majembe. Mnachimba mashimo kumi na moja kwa mstari, mita tano kati ya shimo na shimo, mkigombana na mizizi njia nzima. Kila shimo linaingia ndoo ya plastiki, hizi za lita kama kumi na tano, mdomo wake ukiwa sawasawa na ardhi, na kitako kimetobolewa ili maji ya mvua yasijae. Kisha juu ya ndoo zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, mnasimamisha ukuta wa nailoni wa nusu mita kwa vijiti. Ndani ya ndoo hakuna chambo. Kirukanjia anapita usiku na shughuli zake, anagonga nailoni, haruki, anaufuata ukuta pembenipembeni akinusa, mpaka ardhi inaisha chini ya miguu yake. Alfajiri mnawahi kwenda kuangalia, na msipowahi siafu watawahi. Siafu wakipita kwenye mstari wa ndoo, asubuhi utakuta mifupa.

Panya wa msituni wanataka mitego, na mitego inataka chambo. Chambo alichokuwa akitumia Stanley ni vipande vya nazi iliyokaangwa, vikapakwa siagi ya karanga. Nilipokutana na hilo kwenye jarida la kisayansi, katikati ya takwimu na Kiingereza kigumu, nilicheka peke yangu. Nikasema huyu bwana kakaa na watu.

Kinachofuata ni daftari. Kila mnyama anapimwa urefu wote, mkia, unyayo wa nyuma, sikio na uzito. Manyoya yanachanwa ili kukusanya viroboto na kupe, nao wanahifadhiwa. Kipande kidogo cha nyama au ini kinawekwa kwenye kichupa kwa ajili ya kuchunguza vinasaba, yaani chembe za urithi. Lebo inaandikwa tarehe, mahali na mwinuko kutoka usawa wa bahari, inafungwa mguuni. Na hapa ndipo nidhamu ya mtu inapopimwa: mnaandika pia ndoo tupu. Ndoo moja iliyokaa msituni usiku mmoja ndicho kipimo chenu cha jasho. Bila kuhesabu ndoo tupu huwezi kusema kama Chome ina virukanjia wengi kuliko Ambangulu, au kama kule ulikaa siku nyingi zaidi tu.

Nidhamu hiyo ilizaa mambo ambayo jicho la kawaida lisingeyaona. Kwenye Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, Stanley na wenzake waliweka ndoo na mitego kuanzia mita 2,000 hadi mita 4,000. Mtu angetegemea wanyama wapungue kadiri baridi inavyopanda. Matokeo, waliyoyachapisha mwaka 2014, yalionyesha aina nyingi zaidi wako karibu na mita 3,000, pale msitu unapokaribia kuishia. Yakaonyesha pia kuwa usiku wa mvua virukanjia hunaswa zaidi, ilhali mvua hiyohiyo haikubadilisha hesabu ya panya. Kwa hiyo anayekwenda kiangazi akarudi kusema msitu fulani hauna virukanjia, muulizeni kwanza kama mvua ilinyesha.

Kilimanjaro kuna kirukanjia mmoja, Myosorex zinki, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Ndiye mamalia pekee anayejulikana kuwa wa mlima ule tu. Mmoja. Mlima mrefu kuliko yote Afrika, na mamalia wa kwake peke yake ni mmoja. Sasa geukeni mtazame milima yetu hii, ambayo watalii wanaipita kwenye basi wakiwa wamelala. Usambara Mashariki haizidi sana mita 1,500, lakini pamoja na ndugu zake ina vyura, vinyonga, ndege, miti na mamalia wasiopatikana kwingine, kwa wingi unaowashangaza wataalamu wa dunia nzima. Kwa nini kifupi kimshinde kirefu?

Jibu ni umri. Kilimanjaro ni volkano, na kwa hesabu ya milima ni kijana: haijafikisha miaka milioni 3. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, vipande kumi na vitatu kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa. Mkoa huu peke yake una vitatu: Usambara Mashariki, Usambara Magharibi na Nguu kule Kilindi. Miamba yake ni ya kale mno, na kuinuka kwake kunahesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Ila umri wa jiwe pekee hautoshi. Cha muhimu zaidi ni kwamba misitu iliyo juu yake haikukatika. Afrika imepitia vipindi virefu vya ukame, misitu iliyounganisha pwani yetu na Kongo ikafa ikawa nyika. Huku kwetu upepo wa Bahari ya Hindi uliendelea kugonga milima na kushusha mvua. Ukungu ule unaouona Amani saa kumi na mbili asubuhi, uliokulowesha nguo ukalalamika, ndio uliowahifadhi viumbe hawa.

Basi misitu ikabaki juu, vipande vipande, nyika ikatanda chini. Kwa kirukanjia kila mlima ukawa kisiwa. Chukueni Usambara mbili. Kati ya Mashariki na Magharibi kuna bonde la mto Lwengera, linaloshuka kuelekea Korogwe. Wewe na pikipiki unalivuka kabla jasho halijakauka. Kirukanjia wa msitu wa mlimani hawezi: chini ni joto, ni kukavu, hakuna majani ya kuoza ya kumfichia chakula.

Watu wakitengana bila kukutana, lugha yao hubadilika bila mtu yeyote kuamua. Kimtang'ata cha Tongoni, Kimvita, Kimakunduchi, vyote mzizi mmoja, na hakuna baraza lililokaa likasema sisi sasa tutatamka hivi. Kwa wanyama ni hivyohivyo, ila kinachobadilika ni vinasaba, na muda wake ni mrefu kupita kumbukumbu ya ukoo wowote. Kila kizazi kina mabadiliko madogomadogo. Mengine hayana maana, yanaenea kwa bahati tu kwa kuwa kundi ni dogo. Mengine yanamsaidia mwenye nayo kuishi pale alipo, kwenye baridi ile au kwa wadudu wale, basi anaacha watoto wengi kuliko jirani yake. Baada ya muda mrefu unakuta wa mlima huu na wa mlima ule si wamoja tena. Hayo ndiyo mageuko. Najua neno hilo likitajwa kuna mzee atauliza kama nataka kusema babu yake alikuwa nyani. Mzee wangu, mimi leo nina habari za kirukanjia tu. Sikuja kugombana na msikiti wala kanisa, na ninaye sheikh rafiki yangu ambaye amenipangia ndoo msituni bila imani yake kupungua.

Kwa muda mrefu vitabu vilihesabu virukanjia wakubwa kiasi wa milima ya kaskazini kuwa karibu wote ni spishi moja, yaani aina moja ya mnyama, Crocidura monax. Kwa macho wanafanana kweli. Polepole wakaanza kutenganishwa. Mwaka 1980 akatangazwa Crocidura usambarae, ambaye leo tunajua yuko Usambara Magharibi na Pare Kusini. Mwaka 1986 akafuata Crocidura tansaniana kutoka Usambara Mashariki. Halafu mwaka 2015, mwaka uleule aliofariki, Stanley na wenzake watatu wakachapisha uchambuzi wa mafuvu na vinasaba vya kundi zima kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Wakapata spishi tatu ambazo sayansi haikuwa imezipa jina: Crocidura mdumai wa nyanda za Ngorongoro, Crocidura newmarki wa Mlima Meru, na Crocidura munissii wa Tao la Mashariki. Mdumai na munissii ni majina ya Watanzania. Kabla ya hapo, mwaka 2000, kulishakuwa na Myosorex kihaulei, jina la Philip Kihaule, Mtanzania mwingine wa kazi hizohizo za msituni. Na Profesa Howell ana wake tangu 1984, Sylvisorex howelli, mdogo sana.

Huwa nalinganisha na lile ua la Usambara, ambalo wazungu walilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893 kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani aliyekuwa hapa Tanga. Ua limezunguka dunia nzima, liko madirishani London na Chicago. Kirukanjia aliyekuwa akipita chini ya ua lilelile alisubiri karibu karne nzima. Uzuri una mbio zake.

Turudi kidogo baharini, maana habari ya visiwa si ya mlimani tu, na hii naipenda kuliko zote. Simameni Raskazone mtazame mashariki. Pemba iko pale, kama kilomita hamsini. Unguja iko kusini zaidi. Tunasema visiwa vya Zanzibar utadhani ni mapacha, lakini kwa wanyama ni vitu viwili tofauti kabisa. Miaka kama 20,000 iliyopita, wakati barafu nyingi ilipokuwa imejikusanya ncha za dunia, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, ukakauka. Unguja ikawa bara, wanyama wakaenda kwa miguu: kima punju, paa, chui, na sange, yule mnyama mwenye pua ya kuchezacheza na mgongo mweusi anayefukua majani misitu ya Amani mchana kweupe. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Haukukauka. Sange hayuko Pemba, na kima punju walioko msitu wa Ngezi walipelekwa na watu miaka ya 1970.

Lakini Pemba ina mgeni ambaye bara hatunaye: popo mkubwa mla matunda, Pteropus voeltzkowi, yule wa Kidike. Ndugu zake wako Komoro, Madagaska, Shelisheli, India, hadi visiwa vya Pasifiki. Jamaa zake wote hao, na bara la Afrika halina hata mmoja. Kwa hiyo katika kisiwa kimoja kilekile bahari imekuwa ukuta kwa sange na barabara kwa popo, na ukiwapanga wanyama wa Pemba kwenye karatasi unaweza kusoma kina cha maji bila kutupa kamba.

Na sange mwenyewe, kwa kuwa nimemtaja. Kwa umbo ungemfunga kamba moja na kirukanjia, na wazungu walifanya hivyo kwa muda mrefu. Vinasaba vikakataa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikathibitika kuwa sange ni wa ukoo wa Kiafrika ambao ndani yake kuna tembo, pimbi, perere anayewapigia kelele usiku watu wa Lushoto, muhanga, na nguva, huyohuyo ambaye mara mojamoja hunaswa kwenye majarife ya wavuvi wa pwani hii. Wote asili yao ni moja, walitengana zamani bara hili lilipokuwa limejitenga peke yake. Pua ndefu za sange na kirukanjia zilikuja kila moja kivyake, kwa kuwa wote wawili wanatafuta wadudu ndani ya majani.

Sasa yule mzee aliyenong'ona kwamba haya yote hayaleti ugali. Namjibu kwa habari ya Lushoto. Kuanzia mwaka 1980 tauni ilizuka Usambara Magharibi, ikarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Wagonjwa walikuwa maelfu, watoto na kina mama wakiwa wengi, na waliokufa ni mamia. Kuna familia humu zinakumbuka. Tauni inabebwa na viroboto, na viroboto wanabebwa na panya. Lakini panya yupi? Wa nyumbani, wa shamba, au wa msituni? Na wanakutana wapi, kwenye mahindi, kwenye ghala, au pale wanapolala watoto chini? Swali hilo hulijibu bila mtu aliyekaa akamtambua kila panya kwa spishi yake, akachana manyoya yake, akahesabu viroboto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walifanya kazi hiyo kwa miaka. Ile kazi ya kuchana viroboto kwenye lebo yenye tarehe na mwinuko, ambayo dakika kumi zilizopita ilionekana ya watu wasio na shughuli, ndiyo hiyohiyo.

Kuhusu kilimo nitasema kidogo, kwa kuwa wakulima wa iliki wako humu na sitaki nirudi nyumbani kwa miguu. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima anaacha miti mikubwa na kufyeka chini. Ukiangalia kwa picha ya setilaiti, msitu upo. Ukipiga magoti, majani makavu yameondoka, magogo yanayooza yameondoka, unyevunyevu umeondoka. Mbega juu hajui kama kuna kilichobadilika. Kirukanjia hana pa kukaa. Silaumu mtu anayesomesha watoto kwa iliki. Nasema tu kwamba tunapojisifu kuwa msitu fulani tumeuokoa, kama pale Amani palipotangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, tupime pia kilichoko chini ya kifundo cha mguu.

Limebaki jambo gumu. Dada mmoja wa kidato cha tano aliniuliza nje, kabla hatujaanza: mbona mnawaua? Ni swali la haki na sitalipaka sukari. Ndiyo, wengi wa wanyama hawa huuawa. Siwezi kumtambua kirukanjia wa spishi mpya kwa kumtazama na kumwachia; tofauti iko kwenye fuvu na kwenye meno ambayo yanahitaji hadubini. Idadi inayochukuliwa ni ndogo sana ukilinganisha na wanaozaliwa kila mwaka, na paka wa kijiji kimoja wanaua zaidi. Lakini utetezi wangu mkubwa ni mwingine. Wale waliokusanya ngozi Amani enzi za kituo cha utafiti cha Wajerumani, kilichoanzishwa mwaka 1902, hawakujua kwamba kuna kitu kinaitwa vinasaba. Walihifadhi tu vizuri, wakaandika lebo. Leo tunarudi kwenye makusanyo ya namna ile na kuuliza maswali ambayo wao hawakuweza hata kuyaota. Mnyama aliyekufa bila lebo amekufa bure. Mwenye lebo anaendelea kujibu.

Kinachoniuma mimi ni kwingine: vielelezo vingi vya milima hii viko Chicago, London na Berlin. Mwanafunzi wa Muheza anayetaka kumwona kirukanjia wa Amani akiwa kwenye droo, na lebo yake, aombe viza. Naelewa sababu, mambo ya umeme wa uhakika, baridi, dawa za kuzuia wadudu, mshahara wa mtu wa kufungua droo kila siku kwa miaka hamsini. Naelewa, na bado sikubali kwamba iwe hivyo daima. Majengo ya zamani yamejaa mji huu. Chumba kimoja kikavu, kabati za chuma na mtu mmoja aliyefunzwa vinatosha kuanzia, na hicho ndicho ninachowaomba wakubwa waliokaa mstari wa mbele wakakijadili.

Kwa vijana walioniuliza waanzie wapi, kabla hawajafika chuo. Kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa, kwa hiyo acheni mitego. Anzeni na hao waliokwisha kufa njiani. Usimshike kwa mkono mtupu, na kama uko upande wa Lushoto ukakuta panya wengi wamekufa kwa pamoja, usiguse kabisa, kamwambie mganga wa zahanati siku hiyohiyo. Kirukanjia mmoja aliyetemwa na paka, mpige picha kwa simu: moja ubavuni na sarafu ya shilingi mia pembeni ili ukubwa uonekane, moja ya kichwa kwa karibu, moja ya mkia mzima, kwa maana kuwepo au kutokuwepo kwa nywele ndefu kwenye mkia kunasaidia kutambua. Kisha geuza simu upige mahali penyewe, kama ni shamba, kichaka au msitu. Andika tarehe, jina la kijiji na kitongoji, na kama usiku ule mvua ilinyesha au haikunyesha.